Taka za rohoni zina mwenyewe

Ukipata mgeni kutoka mashambani ambaye angependa kujua jinsi watu wa Nairobi wanavyobana nafasi, msomaji, mpeleke Kibera. Pandeni matatu nambari 8 katikati ya jiji, mshuke Olympic, kisha mteremke kwa miguu kuelekea upande wa reli. Huku na huku mtaona nyumba za kuta za udongo na paa za mabati, zimepangwa mlango kwa mlango. Aghalabu nyumba ni chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi. Humo hulala baba, mama na watoto. Pazia moja hutenga kitanda na sebule, mitungi ya maji hukaa chini ya meza na masanduku hujaa uvunguni.

Katika chumba cha aina hiyo hakuna kitu kinachokaa bure. Kiti kilichovunjika mguu hutengenezwa au huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Nguo isiyomtosha mtoto wa kwanza humngoja wa pili. Jumamosi ikifika vitu hutolewa nje, sakafu ikafagiwa, blanketi zikaanikwa juani, na kila kilichokosa kazi kikatupwa. Mama wa Kibera hahitaji kwenda shule kufunzwa maana ya kuondoa takataka. Asipoziondoa, yeye na wanawe watakosa mahali pa kulala.

Kisha Jumapili huja na usafi wa aina nyingine. Tangu asubuhi utasikia kanisa hili likiomba na lile likiimba kwa wakati mmoja, kwa kuwa kinachoyatenganisha ni bati moja tu. Wako Wakatoliki wanaokwenda Kristo Mfalme kule Laini Saba, wako Waanglikana, wako Wapentekoste, na wako waumini wa makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe, waliovaa kanzu nyeupe na vilemba. Sikiliza kwa makini nawe utakuta neno moja likirudiwa katika sala na nyimbo za wengi wao: kusafishwa. Watu wanamwomba Mungu awaondolee uchafu wa moyo ili waianze wiki mpya wakiwa wepesi.

Swali ambalo ningependa tutembee nalo leo ni hili: mtu akisema kwamba ameondoa takataka rohoni mwake, takataka hizo huwa zimekwenda wapi?

BWAWA LILILOJAA

Kibera yenyewe inatupa jibu la kwanza. Jina hilo limetokana na neno la Kinubi, kibra, yaani msitu. Wanubi waliokuwa askari wa jeshi la King's African Rifles, pamoja na jamaa zao, walipewa ruhusa ya kukaa hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na mnamo 1918 serikali ya kikoloni ikatenga rasmi zaidi ya ekari 4,000. Wajukuu wao ni Waislamu na bado wako, hasa upande wa Makina, na Juni 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya kumiliki ekari 288. Sehemu nyingine za ule msitu wa zamani zilijaa wapangaji kutoka kila pembe ya nchi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu wapatao 170,000, wengi wao wakiishi bila mabomba ya maji taka wala gari la kuzoa taka.

Basi ule uchafu wa Jumamosi ulitupwa wapi? Ulitupwa mtaroni. Mvua iliponyesha, mtaro uliupeleka mtoni, nao mto ukaupeleka bondeni kwenye Bwawa la Nairobi. Bwawa hilo lilijengwa mwaka wa 1953 ili kuweka akiba ya maji ya jiji, na kuna wakati watu walikuwa wakienda huko kuendesha mashua za tanga kwa kujistarehesha. Miaka ilivyopita, likajaa matope, plastiki na magugu maji, mashua zikatoweka. Ajabu ni kwamba hakuna nyumba moja unayoweza kuinyoshea kidole ukasema ndiyo iliyolijaza bwawa. Kila nyumba ilifagiwa ikawa safi. Taka hazikupotea, zilihama tu kutoka kwa huyu aliye juu hadi kwa yule aliye chini.

Nahofu kwamba wengi wetu husafisha roho zetu kwa njia iyo hiyo. Tunaingia kanisani na mzigo, tunalia, tunapiga magoti, tunatoka tukijihisi wepesi. Lakini yule mtu tuliyemkosea amebaki na uchafu wetu mlangoni pake.

Hebu tuzihesabu taka zenyewe. Zipo zile ambazo mtu anaweza kuzikabidhi kwa Mungu peke yake, kama vile wasiwasi wa kodi ya nyumba au wivu wa kumwona jirani amenunua televisheni kubwa. Lakini ukizichambua zilizobaki, utaona kwamba nyingi zina mwenyewe. Deni lina mwenye pesa zake. Uongo una mtu aliyedanganywa. Uvumi una jirani aliyechafuliwa jina. Chuki nayo ina mtu anayechukiwa, na aghalabu anajua.

Yesu aliliona jambo hili mapema. Katika mafundisho yake ya mlimani, kama yalivyoandikwa na Mathayo katika sura ya tano, alisema kwamba ukifika madhabahuni na sadaka yako, kisha ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka palepale, uende kwanza ukapatane naye, ndipo urudi kuitoa. Tazama mpangilio wake, msomaji. Safari ya kwenda kwa jirani ndiyo inayotangulia.

KILE KISICHOFAGIWA NA UFAGIO

Huku Kibera hilo si somo la Biblia la kujibia mtihani. Matokeo ya uchaguzi wa urais yalipotangazwa Desemba 30, 2007, ghasia zilizuka nchini, na kufikia mwisho wake zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa na mamia ya maelfu wamehama makwao. Soko la Toi lilichomwa. Reli inayopita katikati ya mtaa iling'olewa. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi walifukuzana kwa misingi ya kabila. Wapo waliorudi wakakuta nyumba zao zinakaliwa na watu wengine, na wapo wenye nyumba walioogopa hata kwenda kudai kodi.

Wakati huo kijana mmoja msanii, anayejulikana kwa jina la Solo 7, alichukua rangi na brashi akazunguka mtaani akiandika maneno ya amani kwenye kuta, milango na mabati. Maandishi yake yalionekana kila kichochoro. Yalisaidia, kwa sababu mtu hawezi kupita mbele ya neno lile lile mara mia moja bila kulifikiria. Lakini rangi haiwezi kumrudishia mtu cherehani yake.

Hapa ndipo wahubiri wengi, wawe wa Kibera au wa makanisa ya mawe ya mitaa ya kifahari, huteleza. Ni rahisi sana kumwambia mama aliyeporwa kibanda chake kwamba aondoe kinyongo moyoni ili abarikiwe. Yeye ndiye analia mbele yako, na ndiye anayesikiliza. Kazi ngumu ni kumwambia yule aliyekichukua kile kibanda kwamba sala zake hazina mguu wa kusimamia mpaka akirudishe. Kinyongo cha mama huyo si takataka zake. Ni takataka za mtu mwingine zilizotupwa kwake, kama zile zilizotupwa bwawani.

KUTOKA TOI HADI KAWANGWARE

Sasa twende Kawangware. Unaweza kurudi mjini ukapanda matatu nambari 46, lakini kwa mguu utaona mengi zaidi. Fuata barabara ya Kibera Drive, upite Makina na soko la Toi, ambalo wafanyabiashara walilijenga upya baada ya ghasia hizo. Utatokea Adams Arcade kwenye Barabara ya Ngong. Geukia kushoto, utembee hadi Dagoretti Corner, kisha ushike Barabara ya Naivasha. Mwendo wote ni kama saa moja na nusu, na utapita maduka makubwa ambayo ndani yake kuna vitu vingi ambavyo hakuna nyumba ya futi kumi inayoweza kuvimeza.

Kawangware inakupokea kwa harufu ya mahindi ya kuchoma na samaki wa kukaanga. Hapa nyumba za mabati zinasukumana na za mawe zenye ghorofa kadhaa. Wauza nguo, mafundi wa viatu, wachoma nyama na waendesha bodaboda hugombania ukingo wa barabara. Siku ya Jumapili unaweza kukutana na msafara wa watu waliovaa mavazi meupe wakitembea kwa mwendo wa ngoma, bendera ikitangulia. Huenda ni waumini wa kanisa la African Israel Nineveh, lililoanzishwa magharibi mwa Kenya mwaka wa 1942 na Daudi Zakayo Kivuli. Tangu mwanzo kanisa hilo limeshikilia kwamba mtu anapaswa kuungama dhambi zake waziwazi, mbele ya wenzake.

Jina la Zakayo linanikumbusha jambo. Najua kwamba tangu mwaka wa 2023 Wakenya wamelifanya jina hilo kuwa utani wa ushuru, na kila litajwapo watu hucheka. Lakini isome tena habari yake katika Injili ya Luka, sura ya 19. Mtoza ushuru yule alipompokea Yesu nyumbani kwake, hakusema kwamba moyo wake umejaa amani. Alitaja hesabu. Nusu ya mali yake angewapa maskini, na yeyote aliyempunja angemrudishia mara nne. Ni baada ya hesabu hiyo ndipo Yesu alipotangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Kawangware nayo ina hesabu yake. Oktoba 27, 2017, siku moja baada ya marudio ya uchaguzi wa urais, majirani waligeukiana, na maduka na vibanda vikateketezwa kwa moto. Hivyo basi, mitaa yote miwili tuliyoitembelea leo inajua maana ya kuamka asubuhi ukamwamkua mtu ambaye unashuku alikuwa na kiberiti mkononi.

WALIOPITA KABETE

Si mbali na Kawangware, upande wa kaskazini, kuna Kabete. Huko ndiko kulikofika mwaka wa 1937 kikundi cha Wakristo kutoka Rwanda na Uganda waliokuja kuhubiri toba. Chanzo chake kilikuwa miaka minane nyuma. Mnamo 1929, daktari Mwingereza aliyeitwa Joe Church, wa hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, alikutana jijini Kampala na Mganda Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Moto uliowashwa hapo ulienea Afrika Mashariki yote. Waliouota uliitwa walokole, yaani waliookoka, na wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, ulijulikana hata na wasiojua Kiganda.

Watu hao walikuwa na jambo moja lililowashangaza jirani zao. Mtu akiokoka, alirudisha. Walikuwapo walioenda kwa waajiri wao kurudisha vitu walivyoiba, waliolipa madeni yaliyokuwa yamesahauliwa, na waliosimama mbele ya watu waliowachukia wakaomba radhi. Waafrika waliwaungamia wazungu, na baadhi ya wamishenari wazungu wakawaungamia Waafrika majivuno yao, jambo ambalo halikuwa dogo katika enzi ile ya ukoloni. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wengi wao katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wapo waliokataa pia kubeba bunduki za serikali. Baadhi yao waliuawa kwa sababu hiyo.

Hawakupendwa na kila mtu. Wazee wengi waliwaona kama watu wasio na adabu, wanaoanika siri za nyumba barazani. Walikuwa na hoja. Kuungama hadharani kunaweza kumwaibisha mke, mume au mtoto ambaye hakuhusika, na hapo pia taka huwa zimehamishwa tu. Kwa hiyo ushauri wa busara ni kwamba kosa liungamwe mbele ya aliyekosewa. Likiwa ni la watu wawili, lisiende mbali zaidi ya watu wawili. Waswahili husema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kuinama mbele ya mtu mmoja unayemjua ni kugumu kuliko kulia mbele ya umati usiokujua.

Na je, ikiwa aliyekosa hataki kuinama? Hapo mfano bora ni wa Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, ambaye alikuwa mtoto wa uamsho huo. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere akalazimika kuitoroka Uganda. Mwaka uo huo alitoa kitabu ambacho jina lake lilimaanisha kwamba anampenda Idi Amin. Alieleza kwamba chuki ilikuwa ikimla yeye mwenyewe, hivyo akalazimika kuiachilia. Lakini hakunyamaza. Akiwa uhamishoni aliendelea kuueleza ulimwengu yaliyokuwa yakitendeka nchini mwake. Kwa hivyo, anayekwambia kwamba kusamehe maana yake ni kufunga mdomo, mwambie akasome habari za Kivengere.

SI KILA KITU NI TAKATAKA

Kabla hatujapanda matatu ya kurudi, kuna onyo ambalo sina budi kulitoa kwa wazazi na kwa vijana wa vyuoni. Mahali penye watu wengi wanaotaka kusafishwa, hapakosi wauza sabuni bandia. Mwaka wa 2014 runinga moja humu nchini ilimfichua mhubiri wa Nairobi aliyekuwa akiosha miguu ya waumini kwa maji yenye kemikali inayoyafanya yageuke mekundu, huku akiwataka watoe pesa. Mambo ya Shakahola, Kaunti ya Kilifi, yalikuwa mabaya mno. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ya watu walioaminishwa kwamba wafunge kula mpaka wafe ili wamwone Yesu. Kabla ya hapo walikuwa wameambiwa kwamba shule ni taka, hospitali ni taka, na jamaa zao wasioamini ni taka.

Kwa hiyo, ukisikia mtu anakuhimiza uondoe vitu maishani, angalia ni vitu gani. Dawa za Ukimwi au za kisukari si takataka. Vitabu vya mtoto si takataka. Mama mkwe anayekuuliza maswali magumu si takataka, hata akikuudhi. Mhubiri wa kweli atakupeleka kwa jirani yako ukapatane naye. Wa uongo atakutenga na watu wote mpaka ubaki naye peke yake.

Kumbuka pia ile hadithi ya Yesu katika Luka 11. Pepo mchafu alimtoka mtu, kisha akarudi akaikuta nyumba imefagiwa na kupambwa. Akaenda akaleta wengine saba waovu kuliko yeye, hali ya mtu huyo ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Nyumba haikuwa chafu. Kosa lake ni kwamba ilikuwa tupu. Ukimlipa jirani deni lake, usiishie hapo. Mkaribishe chai. Mahali palipokuwa na kinyongo pataka urafiki, la sivyo uchaguzi mwingine utakuja na kupajaza tena.

Basi jioni ya leo, wewe uliye katika nyumba ya vyumba vinne huko Buruburu, au wewe mwanafunzi uliye katika bweni la chuo, chukua karatasi. Usiandike dhambi zako. Andika majina ya watu. Yule uliyekopa pesa zake kabla ya Krismasi ukaanza kumkwepa. Yule msaidizi wa nyumbani uliyemkata mshahara kwa sahani ambayo pengine hakuivunja. Yule rafiki ambaye kitabu chake bado kiko kwenye rafu yako. Yule jirani uliyemwita jina la kabila lake siku ile hasira zilipopanda. Huenda orodha ikawa ndefu. Anza na mmoja, yule anayekaa karibu zaidi, ambaye unaweza kumfikia kwa miguu kabla giza halijaingia.